Posa ya Mjerumani

Salma mjukuu wangu,

Kifua kinanisumbua, ila mama yako hajambo na huku ughaibuni, hapa Ilford, mvua haikatiki. Uliuliza kama kuna aliyenitaka kabla ya babu yako. Nakaribia kuondoka duniani, basi nikwambie.

Nilipokuwa muuguzi kijana huko kwetu pwani, nilimuuguza Mjerumani mmoja wa ukoo wa mabaroni, makabaila wa kwao, kanali mstaafu, ambaye akijisikia aliandika mashairi. Alipopona alikuja mwenyewe, nishani zimejaa kifuani, kuniposa kwa mjomba wangu, dereva wa basi.

“Bwana, kwetu mtu hajiposei,” mjomba alimwambia. “Tafuta mshenga.”

Akarudi na mzee wa Kipemba wa kumsemea, akavua viatu, akakaa mkekani.

“Binti, wasemaje?” mjomba aliniuliza.

Nilikataa. Kanali alishukuru, akamaliza chai yake.

Sikumpenda, lakini kanali alisubiri neno langu. Baada ya hapo nilijua neno langu lina uzito, hata babu yako ilimbidi atume wazee mara mbili.

Bibi yako