Mama Mkwe na Kingamwili

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaja juzi na kikohozi. Na mtoto ndiyo kwanza ana miezi mitano! Kinga niliyompa tumboni inakaribia kwisha. Nalijua hilo vizuri, kazi yangu maabarani ni kupima kingamwili za watoto, askari wa damuni dhidi ya mafua na virusi vingine vya kifua. Nimemwomba Mama ahamie kwa wifi mpaka apone. Hakubisha. Kanirudishia mjukuu mikononi, kafunga mkoba wake. Mume wangu kaninunia. Na anune! Heri lawama kuliko mtoto kuwekewa oksijeni.

Jumatano, 5 Machi

Mtoto hakohoi. Wifi kapiga simu – Mama anauliza, mjukuu kaota jino? Nimejibu kwa mkato. Baadaye nimejisikia vibaya.

Kesho inapimwa damu ya binti yangu na ya watoto wenzake wa utafiti. Ilitolewa kabla Mama hajafika. Sheria yetu: hugusi damu ya mwanao. Ataipima yule tunayemwita Konokono, mwenzangu asiye na haraka na dunia.

Ijumaa, 7 Machi

Konokono kaniita pembeni. Kingamwili za kirusi kimoja zimepanda, kupita hata alizozaliwa nazo! Nikamwambia kakosea, arudie. Karudia, taratibu kama kawaida yake. Yaleyale. Basi mtoto alishaambukizwa, akapona, na kinga hii ni yake mwenyewe. Nimefurahi mpaka machozi.

Halafu nikakumbuka damu ilitolewa lini. Kabla Mama hajafika! Nani alimwambukiza?

Nyumbani nimemuuliza mume wangu. Kacheka, mara ya kwanza wiki hii. Eti si mimi niliyepiga chafya karibu mwezi mzima, nikisingizia vumbi, huku nambusu mtoto mashavu? Nyani haoni nini vile?

Aibu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Mama aje. Sababu sikusema, nimekata simu haraka. Bado anakohoa kidogo, na huenda ni kirusi kingine kabisa. Kinga ya hiki haizuii kile. Mtaalamu mzima, sijui nifanyeje.

Gari la wifi hilo. Mume wangu kafungua mlango. Namsikia Mama: mwambie mwanangu, huyo mkeo, nimevaa barakoa, siingii, nimwone tu mjukuu kwa mbali.

Barakoa! Mimi na chafya zangu zote sikuvaa hata siku moja.

Mtoto kaitambua sauti. Anajirusha mapajani, kalamu inateleza. Naitwa. Nianze na neno gani –