Fainali Niliyoikosa Bandarini

Jumapili, 13 Julai 1930

Kombe la Dunia limeanza — na theluji imeanguka! Kidogo tu, kama unga uliopeperushwa, ikayeyuka kabla haijagusa lami. Vidole vimekufa ganzi. Nimeshona bendera tangu asubuhi kwa Bi Remedios, jirani anayenifundisha ushonaji tangu nilipomaliza shule Desemba. Kitambaa ni kilekile, bluu ya mbinguni na cheupe. Jua likikaa pembeni, bendera ni yetu, ya Uruguay. Likikaa katikati, ni ya Argentina.

“Usikosee jua, binti,” ameniambia Bi Remedios. “Watatuchomea nyumba.”

Nikacheka. Sikumwambia kwamba nyumbani kwetu jua linakaa pote pawili. Mama ni wa Buenos Aires.

Baba hakuja kula. Yeye na waashi wenzake wanajenga uwanja mkubwa usiku na mchana. Mechi za leo zimechezwa kwenye viwanja vidogo maana wetu haujakauka!

Jumatano, 16 Julai 1930

Baba amerudi alfajiri, suruali imekakamaa kwa saruji hadi inasimama yenyewe. Alisinzia kabla hajamaliza supu. Harufu ile ya zege bichi — sijui kwa nini ilinirudishia harufu nyingine. Mbao mpya.

1917. Nina miaka minne. Uwanja wa mbao uliojengwa haraka kwa ajili ya Kombe la Amerika Kusini. Mjomba Rogelio, kaka yake Mama, amevuka mto kutoka Buenos Aires kuja kutazama, na amenibeba mabegani. Bao silikumbuki. Nakumbuka kofia yake, nimeishika kwa mikono miwili kama usukani. Nakumbuka machenza aliyonimenyea, na maganda tuliyoyapenyeza kwenye nyufa za mbao, yakawaangukia waliosimama chini. Mtu mmoja alitutukana. Mjomba akamjibu: “Shukuru, bwana, wenzako wananunua!”

Argentina ilifungwa moja bila siku ile. Na bado alinirudisha nyumbani mabegani, akiimba njia nzima. Kafungwa, anaimba!

Uwanja ule haupo tena. Nilipita pale mwezi uliopita. Nyasi, na marundo ya kokoto za uwanja mpya.

Ijumaa, 18 Julai 1930

Umefunguliwa! Leo katiba yetu imetimiza miaka mia, na timu yetu imeifunga Peru moja bila. Baba alinipeleka. Watu wanatazama mpira, yeye anatazama ukuta. Kila mtu akiegemea: “Usiegemee, bwana! Bado mbichi!” Mzee mmoja akamwuliza kama ukuta ni wa mama yake. Baba akasema ndiyo.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilijivunia pia.

Jumamosi, 19 Julai 1930

Mvua. Mama amekunywa mate yake ya asubuhi, ile chai chungu ya kibuyuni, dirishani, akipiga soga peke yake. Nikamwomba anisimulie tena ya 1910. Namwomba kila mwaka, najua kila neno, na kila mwaka anaongeza kidogo.

Buenos Aires walikuwa wakisherehekea miaka mia ya mapinduzi yao, wakaalika Chile na sisi kwenye mashindano ya mpira. Baba, kijana wa miaka ishirini, alivuka mto na mkate na soseji mfukoni. Mbele yake jukwaani alikuwa amesimama mtu mwenye kofia kubwa. Baba akamwomba aivue. Mtu yule akasema ataivua Uruguay wakifunga. Uruguay walifunga bao moja, akaivua kwa sekunde moja, akairudisha! Tulifungwa manne kwa moja. Waligombana hadi mlango wa kutokea, na mlangoni yule mwenye kofia — Mjomba — akamwuliza Baba atakula wapi. Aliyefungua mlango wa nyumba alikuwa Mama.

“Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi,” anasema Mama. Nyusi ni nyongeza ya mwaka huu.

Kwa hiyo mimi nimezaliwa na mpira. Na mpira ndio uliotuvunja.

Novemba 1924, nina miaka kumi na mmoja. Sare ya bila kwa bila na Argentina, na sare ile ikatupa kombe. Mjomba alikuwa mezani kwetu, hapahapa. Akasema kombe la sare ni kama ndoa ya huruma. Baba akasema kulia ni haki ya mfiwa. Mjomba akasema dada yake angeweza kuolewa vizuri zaidi. Baba hakupiga kelele — hilo ndilo lililonitisha. Aliinuka, akafungua mlango wa mbele, akaushika. Mjomba akavaa kofia.

Miaka sita hajarudi. Barua zake zinamsalimu Mama, zinanisalimu mimi, zinamsalimu hata paka aliyekwisha kufa.

Jumapili, 27 Julai 1930

Jana Argentina wameshinda sita kwa moja. Leo sisi sita kwa moja! Fainali ni sisi na wao. Mtaa mzima unapiga masufuria.

Na jioni, telegramu kwa Mama: NAVUKA JUMANNE USIKU KWA FAINALI. SITAFIKIA KWENU. ROGELIO.

Mama alicheka hadi akakaa. “Kama hafikii kwetu, ananiambia ili iweje?”

Baba alikuwa ananyoa. Akasema kwenye kioo: “Vizuri. Hoteli zote zimejaa.”

“Fermín, ni kaka yangu.”

“Nimesema zimejaa. Ni habari tu.”

Lakini hakusema hapana. Nimelisikiliza jibu lile mara nyingi kichwani na sikuiona hapana ndani yake. Ee Mungu, akifika tu! Akifika, nitawaweka meza moja hata kwa kamba.

Jumanne, 29 Julai 1930

Tarehe ishirini na tisa, siku ya noki kila mwezi. Mama alikanda viazi na unga, akakata vidonge, mimi nikavibonyeza kwa uma. Sarafu chini ya kila sahani kwa bahati. Aliweka sahani nne. Baba aliiona ya nne. Alikula bila kuitazama.

Baadaye akatoa tiketi mbili, yake na yangu. Aliniahidi tangu siku walipomwaga zege la kwanza. Nikamshukuru. Nilikuwa naitazama ile sahani.

Nje kuna ukungu. Taa ya mtaani imekuwa yai.

Jumatano, 30 Julai 1930

Sijui nianzie wapi. Tumeshinda! Sikuona.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya Bi Remedios ilikuwa haionekani ng'ambo ya barabara. Baba alitaka tuondoke mapema, milango inafunguliwa saa mbili. Nikasema — mimi, ambaye hata mwenye duka huniambia niongee kwa sauti — nikasema: “Baba, tangulia. Nampokea Mjomba kwanza.”

“Anajua njia.”

“Alisema hafikii kwetu. Nikimngoja, atafikia.”

Kisha akanipa tiketi yangu mkononi. “Mpira hautakungoja, Nélida.”

Bandarini mto haukuwepo. Gati, kisha weupe. Walikuwepo watu wa Argentina wanaoishi hapa, wakingoja ndugu zao: mama mmoja na maua yake, vijana wawili wenye kelele. Wapagazi walikuwa wamekalia toroli zao. Meli zimetoka Buenos Aires usiku, zimejaa, watu wanaimba, alisema mmoja wao, kisha zikanyamaza. Zimetia nanga huko katikati, zinapiga kengele zisigongane.

Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Nikamwendea ofisa wa bandari. Nilirudi nyuma mara mbili, kisha nikauliza kwa nguvu kiasi kwamba alishtuka. Akasema: “Binti, hata mimi nasubiri mkwe wangu. Kaa.”

Nikakaa. Wakati wa kwenda ulipita. Niliusikia ukipita.

Kibanda cha kahawa kilikuwa na redio. Tukajazana. Moja kwetu! Kisha moja kwa moja. Kisha wao mbili. Mama mwenye maua alipiga makofi, akatutazama, akaificha mikono ndani ya maua. Mpagazi akamwambia: “Piga tu, mama, nusu saa haiui mtu.” Watu wakacheka. Vijana wawili wakasema hicho ni kipindi cha mpira wao — maana timu zilikuwa zimebishania mpira upi utumike, wakakubaliana kipindi cha kwanza wa Argentina, cha pili wa kwetu. “Subirini wetu uingie,” akasema mpagazi.

Uliingia. Mbili. Tatu. Bao la nne lilipokuja meli zote zilizofungwa gatini zilipiga honi kwa pamoja, kifua changu kikatetemeka, mpagazi akanikumbatia bila kunijua. Nilikuwa nalia. Nilifurahi, naapa nilifurahi. Lakini nilikuwa nautazama ule weupe, nikifikiri: yuko humo ndani, anazisikia honi hizi, na hajui ni za nani.

Au anajua.

Baba amerudi jioni, sauti imekwisha kabisa. Alinyoosha vidole: vinne, viwili. Aliimba bila sauti, ilichekesha. Kisha akaona sahani ya nne ipo pale pale. Akamnong'oneza Mama: “Meli?”

“Bado.”

Alitoka nje, akasimama kizingitini, akautazama ukungu. Watu waliopita walimwita wakacheze. Alipunga mkono tu.

Alhamisi, 31 Julai 1930

Serikali imetangaza sikukuu. Hakuna kushona. Ukungu uliinuka karibu na adhuhuri. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani.

“Naenda kununua tumbaku,” alinong'ona.

“Maduka yamefungwa,” akasema Mama.

“Nitatazama tu kama yamefungwa.”

Nikamfuata. Tulishuka moja kwa moja hadi bandarini, hatukupita duka lolote.

Meli iliingia polepole. Nilidhani wataimba au watatukana. Walisimama ukingoni kimya, mamia ya watu wenye makoti, kama wanashuka mazishini. Nikaiona kofia. Ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Na yeye mwenyewe mdogo, masharubu yameingia mvi. Alishuka ngazi na sanduku kubwa — kubwa mno kwa mtu aliyekuja kuangalia mechi moja. Akanibusu, akasema nimekuwa mrefu kama deni. Kisha akamgeukia Baba.

“Shemeji.”

“Shemeji,” Baba akanong'ona.

“Sauti yako imekwenda wapi?”

“Baridi.”

Mjomba akatazama bendera kila dirisha, watoto wanapuliza tarumbeta, mbwa amefungwa kitambaa cha bluu shingoni. “Sherehe ya nini mjini kwenu?”

“Katiba,” Baba akanong'ona. “Imetimiza miaka mia.”

“Hm. Katiba imefunga ngapi?”

“Nne.”

“Na sisi?”

“Mbili.” Baba akafikiri. “Zile mbili zilikuwa nzuri.”

Wakatembea. Nilikuwa nyuma yao. Sanduku alilibeba Mjomba mwenyewe, alikataa lisiguswe. “Nitaliweka kwenu kidogo tu. Meli inarudi leo usiku.”

Mama alimlilia, akampiga begani, akamkaangia noki za juzi kwa siagi. Ilikuwa vizuri. Ilikuwa kama zamani, nilianza kuamini. Kisha mwuza magazeti akapita akipaza sauti: Buenos Aires wamepiga mawe ubalozi wetu mdogo! Baba akaweka uma chini.

“Watu wenu hawajui kufungwa.”

“Kwa mpira wetu tulikuwa tunaongoza,” akasema Mjomba.

“Mpira ni mpira.”

“Basi mngecheza wote na wetu.”

“Rogelio,” akasema Mama.

“Usiku wa kuamkia mechi wachezaji wetu walipigiwa kelele hadi alfajiri, kila mtu anajua —”

“Kila mtu! Ulikuwa kwenye ukungu!” Sauti ya Baba ilikatika katikati, kikatoka kifilimbi. Uso ulikuwa ule wa 1924. Nikaona anatazama upande wa mlango.

Na mimi nikasema. Sijui ilitokaje. “Mnagombania mechi ambayo mimi sikuiona.”

Wakageuka. Mjomba akaniuliza: “Hukuiona? Baba yako si kaujenga ule uwanja? Ulikuwa wapi?”

“Bandarini. Nakungoja.”

Mjomba akaitazama sahani yake. Baba akaitazama saruji iliyobaki kwenye kucha zake, ile isiyotoka. Nikaona aibu, nikakimbilia chumbani, na ndipo nilipo sasa, naandika juu ya kitanda na viatu miguuni.

Nasikia maji yanamiminwa kwenye kibuyu cha mate. Nasikia Mama anasema sasa ni saa kumi, kama meli ni ya usiku mtu aseme afungiwe chakula cha njiani. Nje tarumbeta tena. Mjomba anakohoa. Anasema kweli mabegani mwake sasa hakai mtu. Baba anasema kitu, siwezi kukisikia, hana sauti.

Kiti kimesogezwa. Ni Baba, najua buti zake. Anakwenda koridoni, lilipo sanduku. Koridoni kwetu ukienda kulia ni mlango wa mbele. Kushoto ni chumba changu, kisha chumba kidogo cha nyuma chenye kitanda cha wageni.

Analiburuta. Ni zito, linakwaruza vigae. Mjomba anapiga kelele jikoni: “We Fermín! Hilo sanduku langu unalipeleka wapi?”

Baba hajibu. Labda anajibu, hasikiki. Anaburuta tu, anapumua kwa nguvu, na sasa kivuli kimeziba mwanga chini ya mlango wangu —