Jina la Kaka Shamte Halikutajwa

Pande, Kilwa
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nurdin,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako niliipokea, marahaba, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na shemeji na watoto hamjambo huko Maskati. Sisi tupo. Mguu wangu unauma asubuhi, ukishapata moto unaniacha nifanye kazi. Mama anakula vizuri, ila anauliza kila siku utakuja lini.

Mikorosho mwaka huu imepatwa na ugonjwa wa ubwiri, maua yakakauka juu ya mti. Tunaokota kidogo kilichopo.

Sasa nikujibu lile la Fauzia. Umeniandikia kwamba mwanao anataka kusomea uandishi wa habari, na anaomba baraka na neno la baba yake mkubwa, Kaka Shamte, kabla hajajiandikisha. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hilo hilo. Hapa nyumbani halisemeki kirahisi.

Wewe uliondoka Kaka Shamte akiwa mkubwa mjini. Unakumbuka alivyoanza, akibeba nyaya na betri za wapiga picha, mpaka akasoma taarifa ya habari yeye mwenyewe, mpaka akawa mkurugenzi wa habari wa kituo kizima. Wale vijana unaowaona kwenye televisheni leo, wengi aliwafundisha yeye, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema. Mama alikuwa akienda kukaa kwa jirani kila taarifa inapoanza, na ikiisha anarudi anatusimulia tai aliyovaa mwanawe, habari zenyewe hazijui.

Kwenye simu nilikwambia amestaafu. Hakustaafu. Masika ile basi liliposombwa na maji huku kwetu, alikuja mwenyewe na mpiga picha wake. Akampata mwanamke mmoja wa Kiswere, Salima, aliyenusurika, lakini mumewe akafa majini. Salima akasema mbele ya kamera kwamba dereva alitaka kusubiri maji yapungue, na mwenye basi akampigia simu akamwambia apite. Abiria waliokaa mbele walisikia wote.

Mwenye basi alikuwa rafiki wa mwenye kituo. Kaka akaitwa akaambiwa, "Shamte, huyo mama mtoe, taarifa iende bila yeye." Akajibu, "Bila yeye hakuna taarifa." Jioni ile akairusha kama ilivyo. Kesho yake mlinzi alimzuia getini, na vitu vyake akaletewa nje ndani ya boksi.

Alidhani ataitwa na vituo vingine. Hakuitwa. Aliowafundisha wakawa hawapokei simu zake. Nyumba ya kupanga ikamshinda, akarudi Pande na masanduku mawili ya suti. Suruali za zile suti ndizo anazovaa kuokotea korosho.

Na kesi ya mwenye basi nayo, Nurdin, haikwenda popote. Wakwe zake Salima, watu wanasema walipewa pesa na mwenye basi, walimkalia kooni mpaka akasema mahakamani kwamba siku ile alikuwa amechanganyikiwa, hakusikia simu yoyote. Kesi ikafutwa. Mabasi ya yule bwana yanapita hapa kila siku, yamepakwa rangi mpya.

Salima alikuja hapa mwaka jana. Alikaa kwenye mkeka, hakunywa hata maji. Akasema, "Kaka yangu, nimekuangusha." Kaka akamwambia, "Hukuniangusha, mama. Ulikuwa na watoto wa kulea." Alipoondoka, Kaka alilala kutwa nzima akiwa ameelekea ukutani.

Sasa mwezi uliopita kile kituo kilifanya sherehe ya miaka yake tangu kianzishwe. Walirusha Jumapili mchana. Mimi nilimwambia asiangalie, lakini majirani walikuja na televisheni yao wakajaa sebuleni, kila mtu anataka kumwona Shamte wetu. Na yeye akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakaa kwenye kiti cha mbele.

Walitajwa wote. Walitajwa madereva, akatajwa hata mama aliyekuwa akipika chai. Kaka hakutajwa. Kisha zikaja picha za mafuriko ya huku, zile alizokuja kuzipiga na mwenzake. Tukaona mkono wake umeshika kipaza sauti, uso umekatwa, na maneno yanasomwa na kijana mwingine. Salima hayumo. Basi limezama, maji yamepungua, basi.

Mama ndiye aliyeuliza kwa sauti, "Mbona simsikii mwanangu?" Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kama wanaotoka msibani. Kaka akabaki anaangalia mpaka mwisho. Akaniambia, "Kijana amesoma vizuri." Akaenda shambani na lile shati jeupe.

Baada ya siku kadhaa nikamweleza habari ya Fauzia. Nilidhani itamchangamsha. Akasema, "Sina la kumwambia." Nikamwambia, mtoto anataka baraka zako tu. Akasema, "Mwanaima, nimpe baraka aende wapi?"

Barua hii nimeikalia nikitumaini atabadilisha neno, nikuandikie jingine. Leo asubuhi nimemuuliza tena. Amenitazama, akaendelea kubangua korosho. Basi, mweleze mtoto namna utakavyoona inafaa. Mimi sijui.

Nisalimie sana shemeji, na umpe Fauzia pole yangu. Huku wanakusalimu Mama, Shangazi Sauda, na Fakihi na wanawe. Nilimuuliza Kaka Shamte kama niandike na jina lake kwenye salamu hizi. Akasema niandike.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, na akurudishe Mama akiwa bado anakutambua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuombea kila swala,
Mwanaima