Maneno ya Kwanza ya Mashine Yetu

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Imeongea! Kaa vizuri huko uliko, maana leo napiga kelele mpaka wenzako wa mbinguni waulize huyu ni nani. Asubuhi hii, hapa hapa Likasi, seva, ile kompyuta kubwa ya shule, imewaka kwa programu ya kuwashia ambayo mimi mdogo wako nimeshiriki kuiandika. Nilitoka nikacheza uani peke yangu, wapita njia wakanicheka. Nikakutafuta nikukumbatie, nikakumbuka kwamba hupo.

Unakumbuka mishahara ilipokoma, viwanda vikanyamaza, na kila mtu mtaani kwetu Kikula akawa anauza chochote alichonacho? Sisi tulilishwa na mashine ya kushona ya Mama. Nawe, bila kumuuliza mtu, uliibeba, ukaibadilisha na kompyuta ya ofisi iliyofungwa! Ulitaka tufungue chumba cha kupigia watu chapa barua na mitihani ya shule. Ukaichomeka kwenye umeme, kioo kikabaki cheusi. Mama akakupima kwa macho juu hadi chini.

"Weye Georgette, ulipeleka mashini yangu, unaniletea kintu yenye haiseme hata bonjour?"

"Hayiyakufa, Mama. Iko nalala tu."

Ulivyosema kwa uhakika, hata mimi niliamini, ingawa niliona midomo yako inatetemeka. Isingeamka, tusingekuwa na cha kula.

Papa Ngoy, fundi wa redio, ndiye aliyeujua ugonjwa wake. Ndani mlikuwa na chipu moja, kidude cheusi chenye miguu ya chuma pande mbili na kijicho cha kioo mgongoni, iliyohifadhi maneno ambayo kompyuta hujiambia inapoamka. Karatasi iliyoziba kijicho ilikuwa imebanduka, na jua la dirisha la ofisi lilikuwa limeyala maneno nusu. Dawa ikawa jua lile lile: tuianike mpaka yafutike yote, kisha yeye ayaandike upya kwa kunakili kompyuta ya parokia, ya aina moja na yetu. Ukaianika juu ya bati, kando ya mihogo ya Mama. Majirani walipoona miguu yake ile wakauliza kama siku hizi tunakausha mende.

Halafu siku moja tunarudi sokoni, bati liko tupu. Mama alikuwa amekusanya mihogo yake yote na kuipeleka kusagwa! Ee Yaya, mbio zile hadi kwenye mashine ya kusaga! Wewe mbele umeshika kitenge, mimi nyuma na kandambili moja. Ukampigia msagaji kelele:

"Papa, zima mulen! Kichwa ya mashini iko mu mihogo!"

Msagaji alidhani umerukwa na akili, ila akazima. Tukamwaga kikapu chini, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapekua pamoja nasi, hadi mmoja akaiinua chipu, ameishika mguu wake mmoja.

"Njo iyi kamende yenu?"

Ulimkumbatia mama wa watu na unga wake wote.

Papa Ngoy alipokaa kuiandika, ulimwomba kitu kimoja tu: ikiwaka, ianze kwa kumsalimia Mama, "Bonjour Mama". Akatikisa kichwa.

"Ile hapana. Kampuni yenye ilitengeneza mashini njo inajua maana yake. Shiye tunaikopia tu, hatujue kuisoma."

"Kama mashini ni yangu, maneno yake ya kwanza njo ya nani?"

Akaiandika, akairudisha chipu mahali pake. Kompyuta iliwaka, Mama akapiga vigelegele, na ilitulisha miaka mingi. Lakini swali lako lilinikaa kichwani, likakataa kutoka. Nimelibeba hata baada ya kukuzika.

Seva za leo zina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zenye nguvu ajabu, lakini nyingi bado maneno yake ya kwanza ni siri ya aliyezitengeneza. Sasa tuko wengi, watu wa nchi mbalimbali, hatujuani hata sura, tunayaandika wazi ili yeyote ayasome na kuyarekebisha. Seva hii ni ya shule yetu, na watengenezaji wake waliiacha zamani. Prosesa yake haikuwemo katika kazi yetu, nikajitwika mimi kuiingiza. Nimeteseka nayo, Yaya, kioo cheusi kile kile, na walimu walishaanza kusema itupwe. Nikawajibu kwa maneno yako kwamba inalala tu. Midomo yangu nayo ilitetemeka.

Leo ilipowaka nilikwenda kumchukua Mama. Anatembea polepole sasa, na macho yamechoka. Nikamkalisha mbele ya kioo, nikaizima seva, nikaiwasha tena. Akavaa miwani. Mstari wa kwanza ukatokea, akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi: Bonjour Mama.

Kisha akagusa kioo kwa vidole vyake.

"Bonjour, Georgette," akajibu.

Pumzika, Yaya. Sisi tuko macho.

Mdogo wako, wa kandambili moja