Kadi ya Shamba la Mama

Wanangu,

Mama yenu anatoka hospitali leo mchana, na jambo la kwanza atakalouliza ni shamba lake la kwenye gemu. Asubuhi hii mashine ya gemu ilidai kwamba kadi ya kumbukumbu inayotunza shamba hilo ni tupu, ikaomba ruhusa ya kuifuta yote. Ikiwauliza tena, jibuni hapana.

Msiipulize. Mate yenu ndiyo yaliyoichafua. Nimevisafisha vile vibati vya shaba vya mdomoni mwake kwa pamba na spiriti; sasa inasomeka, lakini kwenye tundu la pili la mashine tu. Nimekwenda kwa fundi wa redio kutafuta kadi nyingine ya kunakilia, kabla hii haijagoma moja kwa moja. Chai iko kwenye chupa.

~~Msimwambie mama.~~ Mwambieni. Jana alinionya kwa simu, “Mkinifutia shamba, mtalala nje!” Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kuwa na nguvu tangu apasuliwe.

Nimelikagua shamba lote, halijapungua kitu. Kila ng’ombe amepewa jina la mmoja wetu. Mimi ndiye yule asiyetoa maziwa, ila zizi lake ndilo lililo karibu zaidi na mlango wa nyumba.

Baba