Chaguo la Pili

Papa wangu,

Tangu asubuhi mvua inanyesha hapa Bengamisa, na hadubini yangu huvuta mwanga wa jua kwa kioo. Jua likikosekana, nami kazi sina. Wagonjwa nimewaambia warudi kesho. Nimebaki peke yangu katika maabara, nikaona heri nikuandikie, ingawa huko uliko posta haifiki. Kuna jambo nilikuficha, na nimechoka kulibeba.

Unaikumbuka ile fomu? Nilikuwa nimefaulu mtihani wa serikali. Ulirudi na treni ya Ubundu, nguo zikinuka mafuta ya injini, ukanikuta nimeitandaza mezani kando ya lituma yako ya ndizi za kupondwa, iliyokwisha kupoa. Tangu mama afariki tulikuwa wawili tu nyumbani, basi ukamwita rafiki yako karani, niliyemwita tonton kama baba mdogo, aje atusomee. Alikuja na suti ya abakosti na beji ya chama, kana kwamba Kifaransa hakisomeki kwa mtu aliyevaa shati. Chuo cha ufundi wa tiba kilitaka machaguo mawili, la kwanza na la pili. Mimi nilitaka kine, kazi ya kumnyoosha aliyepooza na kumfundisha aliyevunjika kutembea tena. Tonton alipokueleza, uliacha kula.

"Mama," uliniambia, maana ndivyo ulivyoniita siku zote, "mukono ya binti yangu haiwezi kukamata miguu ya wanaume. Watu wa musikiti watasema nini? Andika labo. Kule unashika tu machupa."

Machupa! Laiti ungejua, Papa. Watu huniletea choo ndani ya kisanduku cha kiberiti, nami nakifungua kabla sijanywa hata chai.

Nilipomsindikiza tonton hadi mlangoni alininong'oneza, "Usilie. Weka labo ya kwanza, kine ya pili. Hawapatie mutu choix ya kwanza, jamais!" Nilimwamini, kwa sababu mtaa mzima uliamini hivyo. Ilisemwa kwamba serikali haikupi unachokiomba, kwa hiyo unachokitaka kweli unakiweka chini. Nikaandika kama alivyoniambia. Ukatia sahihi polepole, halafu ukapita kwa majirani ukiwaambia una mtoto anayetii.

Majina yalipobandikwa, serikali ilikuwa imenipa chaguo la kwanza. Ulichinja kuku. Mimi nilijitolea kukata vitunguu ili nipate sababu ya kulia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilisoma, nikahitimu, na kazi naiweza. Lakini ni kazi ya kuwapa watu mgongo. Damu zao nazijua, sura zao sizijui. Sokoni wanamsalimu muuguzi, wanamuuliza habari za watoto. Mimi wananipisha njia, maana wapo wanaoamini kwamba damu ninayowatoa naiuza. Kuna siku inapita nzima sijasema na mtu ila kumwambia anyooshe kidole.

Kisha ukapooza upande wa kulia. Hospitalini nilitandika mkeka kando ya kitanda chako, nikakupikia, nikakuogesha. Kine alikuwa mmoja tu kwa hospitali nzima. Kila asubuhi alipiga goti, akakunja vidole vyako kimoja kimoja, akageuza kifundo, akainua kiwiko taratibu, nawe ulimtazama usoni kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwako kwa mtu mdogo. Wiki ya nne homa ikamwangusha, hakuja. Ukauinua mkono uliokufa kwa ule mzima, ukauweka juu ya paja langu.

"Mama, fanya kama yule. Jaribu tu."

Ninayakumbuka maneno yangu yote. "Siwezi, Papa. Miye niko mutu wa labo. Ni weye ulichagua." Nikaurudisha mkono wako juu ya blanketi.

Uligeukia ukuta. "Iko kweli," ulisema. Hukuniomba tena, na mwezi ule haukuisha kabla hatujakuzika.

Haikuwa kweli, Papa. Wewe ulisema neno lako kama mzazi, lakini ningeweza kubishana nawe. Sikubishana. Nilijifanya mtiifu, nikategemea serikali inisaidie kukudanganya, na iliponishinda nikakutwika wewe mzigo. Miaka yote ile nilikuwa na hasira, na nilikungoja mpaka ukalala chini ndipo nikaitoa.

Tena si hilo tu. Nilimtazama yule kine wiki tatu nzima, bila kupepesa, kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya mwenzake. Nilijua kila kidole kinavyokunjwa. Nilikuwa naweza, Papa. Nilikunyima kusudi.

Nisamehe kama huko kuna kusamehe. Hapa sina wa kuniambia kama umekubali.

Ni mimi, binti yako wa pekee.