Karatasi ya Njia ya Bwana Vadrac

SERKLE YA WASOMAJI WA KABAMBARE

Kumbukumbu za kikao cha kumi na saba, kilichofanyika Jumapili tarehe 14 Novemba 1954 katika darasa la tatu la shule ya misioni. Kikao kiliitwa kwa saa nane. Kilianza saa tisa na robo, kwa sababu ufunguo wa darasa ulikuwa kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa bado anakula.

WALIOHUDHURIA

François Tambwe, mwalimu, Mwenyekiti. Yeye ndiye anayesoma vitabu kwa Kifaransa na kutugeuzia kwa Kiswahili.
Bulaimu Kalonda, fundi wa kushona.
Kasimu Ramazani, shofere wa kamyo (lori) ya barua.
Roger Mukonga, karani wa biro ya Teritware, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, Katibu.

HAKUHUDHURIA

André Lukuli, muuguzi. Alituma neno kwamba ana mgonjwa mahututi. Kasimu alisema amekutana na mgonjwa huyo sokoni akichagua samaki.

WALIOKUWA NJE YA DIRISHA (si wajumbe)

Emilienne, mke wa Mwenyekiti. Aziza, mke wa Kasimu. Safi, mke wa Sumaili Kalonda, yule mdogo wake Bulaimu aliyekwenda Manono kutafuta kazi mwaka 1947 na hajarudi. Walikuwa wakibambua karanga. Kanuni ya sita inasema kwamba wanawake watasikiliza dirishani bila kusema. Kanuni hiyo haijafuatwa hata siku moja.

KUMB. NA. 1/17: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwaomba wajumbe waseme kwa kifupi. Ombi hilo lilichukua dakika ishirini.

KUMB. NA. 2/17: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Bulaimu alilalamika kwamba katika kumbukumbu za kikao cha kumi na sita imeandikwa kuwa "alipiga kelele", na hali yeye alisema kwa nguvu tu. Katibu amesahihisha. Sasa isomeke: "Ndugu Bulaimu alisema kwa nguvu, na mbuzi wa misioni wakakimbia."

KUMB. NA. 3/17: OMBI LA WAPIGA CHAPA WA BRUSSELS

Kwa faida ya Bwana Administrateur, mkuu wa Teritware, ambaye hupelekewa nakala ya kumbukumbu hizi, Katibu anaeleza kwamba Firmin Vadrac ni mtu wa vitabuni. Vitabu vyake vimefika ishirini na viwili, na Serkle inavisoma huu mwaka wa pili. Katika kila kitabu Vadrac anafika kwa miguu katika mji asioujua, amevaa koti lililopungua kifungo kimoja. Anakuta watu wabaya wanaonea wanyonge. Anawapiga. Alfajiri anaondoka. Hana nyumba, hana mke, hana kazi, na mvua ikinyesha hana hata mwavuli.

Mwenyekiti alieleza kwamba ukurasa wa mwisho wa kitabu cha ishirini na mbili una tangazo: wapiga chapa wanaomba wasomaji waandike maoni yao, Vadrac afanywe nini katika vitabu vijavyo. Kamyo ya barua itaondoka kesho, kwa hiyo jibu liandikwe leo, na liwe moja. Alisema Kabambare haiwezi kuonekana Brussels kama mji wenye vinywa vinne.

KUMB. NA. 4/17: MAONI YA WAJUMBE

Kasimu alisema Vadrac aachwe kama alivyo. Jambo moja tu linamsumbua, nalo ni viatu. "Anatembea siku tatu, kiatu kinang'aa. Apite matope ya njia ya Wamaza mwezi huu, tumuone."

Bulaimu alisema kama fundi anaona aibu kwamba katika vitabu ishirini na viwili hakutokea mtu wa kushona kifungo kimoja. Lakini kifungo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni lile la kitabu cha tisa, ambapo Vadrac alilala siku tisa kwa yule mama mwenye hoteli. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, ili asilalamike tena: "Kwetu mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Huyu amekula siku tisa, hakushika jembe, na asubuhi akaondoka hata hakuaga. Na ninyi munamupenda." Alidai Vadrac arudishwe hotelini kwa nguvu, alime.

Mwenyekiti alisema Vadrac afunge ndoa kanisani na kutulia. Aziza aliuliza kutoka dirishani, afunge na nani, maana kila mwanamke akiingia kitabuni Mwenyekiti anafunua kurasa mbili kwa pamoja. Mwenyekiti alijibu kwamba kurasa zinashikana kwa unyevu. Emilienne alisema nyumbani kwao usiku hazishikani. Kikao kilitulia baada ya muda.

Katibu hana maoni, kwa kuwa kazi yake ni kuandika. Alikumbusha tu kwamba mtu mwenye kutembea ni mzuri wa kutazama, hasa kwa yule ambaye mwaka wa kumi na moja huu anawaandikia wengine karatasi za njia, yaani vibali vya safari, na mwenyewe hajavuka kijiji cha Lusangi.

KUMB. NA. 5/17: KARATASI YA NJIA

Neno hilo lilimkumbusha Kasimu swali lake la zamani: kwa nini Vadrac hasimamishwi. "Mimi kufika Kasongo tu naulizwa karatasi mara tatu, na wote wananijua. Huyu ni mugeni kila mahali, na hakuna mutu wa kumuuliza."

Mwenyekiti alieleza kwamba kule Ulaya mtu hutoka katika mji wake akaenda katika mji mwingine bila kuomba karatasi kwa yeyote. Kasimu alimwomba arudie. Mwenyekiti hakurudia, na aliomba neno hilo lisiandikwe. Katibu ameandika kwamba Mwenyekiti aliomba lisiandikwe.

Katibu alipendekeza kwamba, badala ya kugombana, Serkle imtumie Vadrac karatasi ya njia pamoja na barua. Wote waliridhika: Kasimu kwa sababu sasa mtu wake atapita salama, Mwenyekiti kwa sababu Vadrac atakuwa chini ya sheria, na Bulaimu kwa sababu karatasi inauliza mtu ametoka wapi. Kwa bahati Katibu alikuwa na fomu moja mfukoni. Ilikuwa imeharibika kwa doa la wino na ingetupwa. Katibu anaomba hilo lieleweke vizuri.

Fomu ilijazwa hivi. Jina: Vadrac Firmin. Baba: hajulikani. Bulaimu aliomba "hajulikani" liandikwe kwa herufi ndogo, kwa heshima ya mama yake. Kazi: msaidizi. Sababu ya safari: hapa palikuwa na ubishi. Kasimu alitaka iandikwe "kutembea". Mwenyekiti alikataa, akisema hakuna biro duniani inayopokea sababu kama hiyo. Iliandikwa "kutafuta watu wabaya". Kasimu alisema huenda watu wabaya ndio watakaoisoma karatasi. Neno hilo halikujadiliwa.

Ulibaki mstari wa mwisho: Siku ya kurudi. Katibu alishauri uachwe wazi. Alisema si jambo geni, amewahi kumfanyia mtu mwingine.

KUMB. NA. 6/17: SWALI KUTOKA DIRISHANI (halikuwa katika ajenda)

Safi aliuliza: "Karani, ile karatasi ya Sumaili, nayo uliiacha wazi?"

Mwenyekiti alisema swali haliko katika ajenda. Safi aliweka ungo chini, akasimama, akauliza tena kwa sauti ile ile. Emilienne alimwambia Mwenyekiti kwamba ajenda inaweza kungoja. Mwenyekiti alimpa Katibu nafasi ya kujibu.

Katibu alieleza kwamba Sumaili alifika biro mwezi wa saba 1947. Walipofikia mstari wa mwisho, Sumaili alisema: "Usiandike siku, ndugu yangu. Nitajua mwenyewe." Katibu hakuandika, si kwenye karatasi wala kwenye kitabu kikubwa cha biro. Kesho yake aliletewa jogoo, akamla.

Safi alikumbusha kwamba kila mwaka, karanga zikishavunwa, yeye anakuja biro kuuliza kama siku za mume wake zimekwisha. Aliomba Katibu aseme mbele ya watu huwa anamjibu nini. Katibu alikubali kwamba, mara zote saba, amejibu: "Siku zake hazijaisha."

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kama huo haukuwa uongo. Katibu alijibu kwamba haukuwa uongo, kwa maana siku ambayo haikuandikwa haiwezi kuisha. Alipolisikia jibu lake mwenyewe likitoka mdomoni, Katibu aliona haya sana. Analiandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bulaimu alisema familia haina kosa. Familia ilisimama juu ya neno la biro: kama karatasi ya mume iko hai, mke anabaki kwa familia ya mume. Ndiyo sababu mwaka juzi walimrudisha yule mtu wa Kasongo aliyekuja kumposa Safi.

Safi alimjibu, na Katibu anaandika maneno yake yote:

"Shemeji, umesema mugeni siku ya tatu apewe jembe. Jembe ya Sumaili niko nayo mie, miaka saba. Nalima shamba yenu. Nikitaka kwenda kuona dada yangu Kasongo, munaniambia mume wako atarudi akukose. Kila mara munakaa hapa munamukasirikia muzungu wa kitabu kwa sababu hakuaga. Sumaili aliaga nani?"

Kasimu alivua kofia, akaivaa tena.

Mwenyekiti alimwuliza kwa upole kama anataka Serkle iandike Manono ili mume wake arudishwe. Safi alisema hapana. "Arudi, asirudi, miguu ni yake. Mie nataka siku. Mutu akijua siku, anajua kama anangoja ao hangoji tena."

KUMB. NA. 7/17: MAAZIMIO

Barua ya Brussels iseme hivi: wasomaji wa Kabambare wanamruhusu Bwana Vadrac kutembea anapotaka, lakini katika kila kitabu, kabla ya kuondoka, amwambie yule aliyempikia kama atarudi, na lini. Kama harudi, aseme harudi. Wote walikubali, na dirisha pia. Bulaimu aliomba kifungo kiongezwe. Kimeongezwa.

Katika karatasi ya Vadrac, siku ya kurudi imeandikwa: 31 Desemba 1954. Akichelewa, hiyo ni juu yake.

Kesho asubuhi Katibu atafungua kitabu kikubwa cha biro na kujaza mstari wa Sumaili Kalonda. Bulaimu aliulizwa kama familia inakubali. Alisema: "Aandike."

Safi aliulizwa iandikwe tarehe gani.

Alisema: "Ya jana."

Mwenyekiti alimweleza kwamba jana imekwisha kupita. Safi alisema anajua.

KUMB. NA. 8/17: KUFUNGA

Mwenyekiti alishauri kwamba kumbukumbu namba sita ifutwe, kwa ajili ya heshima ya Katibu na mkate wake. Katibu alimshukuru, akakataa. Amemwonea mwanamke huyu miaka saba kwa mstari mmoja mtupu. Hawezi kumwongezea mwingine. Hata hivyo nakala ya Bwana Administrateur itakuwa fupi kuliko hii, kwa kuwa karatasi ni haba.

Hapakuwa na neno jingine, na karanga zilikuwa zimekwisha kubambuliwa. Watu walitawanyika saa kumi na moja kasorobo. Ufunguo alirudi nao Mwenyekiti.

(sahihi) François Tambwe, Mwenyekiti
(sahihi) Roger Mukonga, Katibu

NYONGEZA YA KATIBU, Jumatatu 15 Novemba

Mstari wa Sumaili Kalonda umejazwa saa moja na nusu asubuhi: 13 Novemba 1954.

Saa mbili Safi alifika biro, akiwa amevaa kitenge kipya. Jembe alikuwa ameliacha mlangoni kwa Bulaimu. Aliomba karatasi ya njia kwenda Kasongo kwa kamyo ya Kasimu, ile ile inayobeba barua ya Brussels. Katibu alimwuliza sababu ya safari. Alisema hana sababu, anataka kutembea. Katibu aliandika "kutembea", na biro imepokea.

Siku ya kurudi aliitaja yeye mwenyewe, kabla hajaulizwa: 12 Desemba. Kisha alituaga mmoja mmoja, hata mlinzi wa mlangoni.